Nani Hajafika Zahanati? Somo kutoka kwa Wahamasishaji wa Afya wa Kilatino, Marekani

Katika toleo hili nakuomba ufanye hesabu ndogo. Zikumbuke nyumba kumi zilizo karibu na yako. Kisha jiulize: katika nyumba hizo, ni nani ambaye hujawahi kumwona kwenye foleni ya zahanati? Si kwamba haugui. Anaugua kama wewe na mimi, lakini hafiki.

Mimi ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza hali, kukumbusha chanjo na kuwaelekeza wagonjwa zahanati. Kwa muda mrefu niliamini kwamba asiyefika ni mzembe, au ni mtu anayependa dawa za kienyeji tu. Siku hizi siamini hivyo. Kwanza nitakueleza kilichonibadilisha. Halafu nitakupeleka mbali kidogo, hadi Marekani, kwa watu wanaozungumza Kihispania. Wao wamepambana na jambo hili hili kwa miaka mingi, na wana la kutufundisha.

BIBI NA MJUKUU WAKE

Katika eneo langu kuna bibi mmoja. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Anatoka milimani, Kivu ya Kusini, naye anaongea Kifuliru. Kiswahili chake ni cha kusalimiana tu. Nilifika kwake mara tatu, na mara zote tatu mjukuu wake wa miaka kumi ndiye aliyetafsiri.

Nilimwuliza, "Bibi, unajisikiaje?" Mtoto akajibu, "Anasema tumbo linauma." Nikamwelekeza zahanati. Huko nako mtoto alitafsiri neno lile lile: tumbo. Bibi akapewa dawa za minyoo akarudi nyumbani. Mimi nikaweka alama ya vema kwenye daftari langu: ametembelewa, amepata huduma.

Baada ya miezi miwili nilipita tena, safari hii nikiwa na mwenzangu, mama mtu mzima anayeongea Kifuliru. Bibi alimtuma mtoto akachote maji. Kisha akaniomba, kwa adabu, nami nikae nje. Walizungumza kwa muda mrefu. Mwenzangu alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Bibi alikuwa akitokwa damu ukeni, na hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita. Angewezaje kulipitisha neno hilo kinywani mwa mjukuu wake? Akasema tumbo, basi.

Ndugu msomaji, damu inayotoka baada ya hedhi kukoma si jambo la kusubiri. Si kila mara huwa ni ugonjwa mbaya, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi, na ni lazima mgonjwa apimwe. Siku ile ile bibi alipewa rufaa. Hadi ninapoandika makala hii bado yuko kwenye matibabu. Miezi miwili ile ilipotea mikononi mwangu, si mikononi mwake. Yeye alifanya kila alichoambiwa.

SIMU KUTOKA TEXAS

Shangazi yangu alihamishiwa Marekani na familia yake mwaka 2016, akapangiwa jimbo la Texas. Nilipomsimulia habari hii kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata huku wapo wanaobisha hodi kama wewe. Ila wao wanaongea Kihispania."

Majirani zake wengi ni watu kutoka Mexico na Honduras. Alinieleza juu ya mwanamke mmoja wa mtaa huo anayepita majumbani na mashine ya kupima presha, anakaa jikoni na akina mama, anaongea nao kwa lugha yao. Wanamwita promotora. Jina kamili ni promotora de salud. Maana yake ni mhamasishaji wa afya. Ni jina letu lile lile! Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu watu hawa.

WALATINO NI NANI, NA NINI KINAWAZUIA?

Walatino ni watu wa Marekani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba, Guatemala, El Salvador na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Katika sensa ya mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 62, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Si wote ni wageni. Wengi wamezaliwa Marekani, na wapo ambao mababu zao waliishi Texas na California kabla sehemu hizo hazijawa za Marekani.

Wengine walifuata kazi. Kati ya mwaka 1942 na 1964, serikali za Marekani na Mexico zilikuwa na mpango wa kuleta vibarua wa mashambani, na mikataba zaidi ya milioni nne ilitiwa saini. Watu hao walivuna mboga na matunda yaliyolishwa nchi nzima. Katika mashamba ya California wengi walilima kwa jembe lenye mpini mfupi sana, hata mtu akalazimika kuinama kutwa nzima. Migongo iliharibika. Jembe hilo lilipigwa marufuku huko California mwaka 1975, baada ya wafanyakazi na mawakili wao kulipigania. Na sheria ya nchi nzima ya kuwataka wenye mashamba wawape vibarua maji ya kunywa, vyoo na mahali pa kunawa mikono ilikuja mwaka 1987 tu, na hata hiyo ni kwa mashamba yenye vibarua 11 au zaidi. Kumbuka kwamba Marekani ilipeleka watu mwezini mwaka 1969. Ilichukua miaka 18 zaidi kwa choo kufika shambani kwa sheria.

Leo mambo mengi yamebadilika, lakini vizuizi vingine vimebaki. Navitaja vinne.

Kwanza ni lugha. Mgonjwa asiyejua Kiingereza hushindwa kueleza anachohisi, na hushindwa kuelewa dawa inywewe vipi.

Pili ni fedha. Marekani matibabu ni ghali sana, na wengi hulipiwa na bima ya afya. Kwa miaka mingi Walatino wamekuwa miongoni mwa watu wanaokosa bima zaidi nchini humo. Asiye na bima husubiri hadi azidiwe.

Tatu ni kazi. Kibarua asiye na likizo ya ugonjwa, siku ya kwenda kliniki ni siku ya kukosa mshahara.

Nne ni hofu. Wapo wasio na hati za kuishi nchini, au wanaoishi nyumba moja na ndugu asiye na hati. Mtu huyo akiona meza, kompyuta na mlinzi mlangoni, anageuza njia. Anaona heri maumivu kuliko kuandikwa jina.

Nilipokuwa nikisoma vizuizi hivi nilikuwa nikiona sura za watu ninaowajua hapa kambini.

NENO MOJA

Kuna kisa kimoja ambacho wakalimani wa hospitali nchini Marekani hufundishwa hadi leo. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Watu wake walikuwa wakizungumza Kihispania cha Cuba. Walidhani amekula kitu kibaya, wakatumia neno "intoxicado". Katika Kihispania chao neno hilo lina maana ya mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Lakini linafanana na neno la Kiingereza la mtu aliyelewa. Hakukuwa na mkalimani aliyefunzwa. Madaktari wakaamini kijana ametumia dawa za kulevya kupita kiasi, wakamtibu hivyo.

Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa chake. Zilipita zaidi ya siku mbili kabla ukweli haujajulikana. Kijana alipona kifo, lakini mikono na miguu yake ilipooza. Kesi iliisha kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Katika kisa hicho hakuna aliyesema uongo. Familia ilisema kweli na madaktari walijitahidi. Kilichokosekana ni mtu mmoja katikati, anayezijua lugha zote mbili na anayejua kuuliza mara ya pili: "Una maana gani?" Nilipokisoma nilimkumbuka bibi wa Kifuliru na neno lake, tumbo.

PROMOTORA ANAFANYA NINI?

Kazi ya promotora haikuanzia Marekani. Ilianzia katika vijiji vya Amerika ya Kilatini, mahali ambapo daktari alikuwa mbali na wanakijiji walichagua mtu wao wajifunze kupitia kwake. Huenda wewe mwenyewe umeshika tunda la kazi hiyo bila kujua. Kile kitabu kinachoitwa "Mahali Pasipo na Daktari", ambacho wahudumu wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma, kiliandikwa kwanza kwa Kihispania na David Werner kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Sinaloa, Mexico. Kilitoka mwaka 1973, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1977, na baadaye kwa Kiswahili. Basi ujuzi wa wanakijiji wa Mexico umekwisha kufika kwetu zamani.

Huko Marekani promotora huwa ni mtu wa mtaa ule ule. Lugha yake ni ya majirani. Mara nyingi naye amewahi kuwa kibarua, au amelea mgonjwa nyumbani. Hatibu. Hatoi sindano wala haandiki dawa. Anasikiliza, anaeleza, anasindikiza, na anarudi tena.

Chukua mfano wa kisukari. Taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaeleza kwamba kati ya watu wazima wote wa nchi hiyo, 40 katika kila 100 wanaweza kupata kisukari cha aina ya pili katika maisha yao. Kwa Walatino ni zaidi ya 50 katika kila 100. Daktari akimwambia mama wa Kimeksiko, "Acha vyakula vya wanga," mama anasikia kwamba ameambiwa aache tortilla, yaani chapati ya mahindi aliyolelewa nayo. Ni kama mimi nikuambie uache ugali! Utaitikia "ndiyo", kisha utarudi nyumbani ule ugali. Promotora anajua hivyo kwa sababu naye anakula tortilla. Kwa hiyo anakaa jikoni na kusema: leo tule mbili badala ya tano, maharage tuyaongeze, soda tuipunguze, na jioni tutembee pamoja. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wanaotembelewa na wahamasishaji wa namna hii hushusha sukari yao kuliko wanaohudumiwa kliniki peke yake. Si muujiza. Ni kupungua kwa kiasi, lakini katika kisukari kiasi hicho ni macho yasiyopofuka na miguu isiyokatwa.

MTAA WA MISSION, MWAKA 2020

Korona ilipoingia, jambo hili lilionekana wazi katika jiji la San Francisco. Mwishoni mwa Aprili 2020, chuo kikuu cha tiba cha huko kilishirikiana na vikundi vya Walatino kupima watu wa sehemu moja ya mtaa wa Mission kwa siku nne. Wenyeji wa mtaa ndio waliobisha hodi na kueleza kwa Kihispania kipimo ni cha nini.

Majibu yaliwashtua wengi. Walatino hawakufika hata nusu ya waliopimwa, lakini kati ya waliokutwa na virusi, 95 katika kila 100 walikuwa Walatino. Je, damu yao ni tofauti? Hapana. Tisa katika kila kumi kati ya waliokutwa na virusi walisema kazi zao haziwezi kufanyika nyumbani. Wengine walikaa ofisini kwao nyumbani wakati hawa wanapika, wanafagia, wanajenga na kubeba mizigo. Na wengi waliishi katika nyumba zenye watu wengi. Wewe unayeishi watu wanane chumba kimoja huhitaji maelezo zaidi.

Lililonigusa mimi ni kilichofuata. Kumwambia kibarua "jitenge siku 14" bila kumpa chakula ni kumwambia afe njaa polepole. Vikundi vile viliwapelekea waliojitenga chakula na mahitaji ya nyumbani, na jiji likaanzisha msaada wa fedha kwa wafanyakazi walioambukizwa ili waweze kukaa nyumbani. Hapo watu walikuwa na sababu ya kukubali kupimwa. Mwaka 2021 chanjo nazo zilitolewa pale pale mtaani, hatua chache kutoka kituo cha treni ambako watu hupita wakienda kazini.

Lakini nisikudanganye. Promotora hakuondoa umaskini wa mtaa wa Mission, wala hawapatii wagonjwa wake bima. Na mimi siwezi kuongeza mgao wa chakula hapa kambini. Kazi yetu ina mpaka. Ila ndani ya mpaka huo kuna maisha ya watu.

USAWA SI KUGAWA SAWA

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Zahanati yetu hufunguliwa asubuhi kwa wote. Mlango ni mmoja, foleni ni moja, dawa ni zile zile. Ukiangalia haraka utasema huo ni usawa. Lakini fikiria. Anayeongea Kiswahili huingia akajieleza. Bibi wa Kifuliru huingia akasema tumbo. Mama aliyekwenda kutafuta kuni hurudi foleni imefungwa. Kijana mlemavu anayeishi upande wa korongo hawezi kuvuka mvua ikinyesha. Dada aliyebakwa anaogopa kuonekana na majirani. Mlango ni mmoja kwa wote, lakini njia ya kuufikia si moja.

Haki ya afya ni kumwangalia yule ambaye njia yake ni ndefu na kumwendea. Si upendeleo. Ukimfunga jirani yako bandeji kwa sababu ameumia, hujawanyima wengine bandeji.

TUFANYE NINI?

Wewe msomaji una sehemu yako, na sisi wahamasishaji tuna yetu.

1. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa ugonjwa. Mtoto hajui maneno ya mwili, na mzazi hawezi kusema yote mbele yake. Tuambie mapema, tutafute mtu mzima anayeijua lugha yako.

2. Omba kuongea na mwanamke ikiwa wewe ni mwanamke, au na mwanamume ikiwa wewe ni mwanamume. Si utovu wa adabu. Mimi sitakasirika nikiambiwa nikae nje.

3. Ukielezwa dawa, rudia kwa maneno yako: "Nimeelewa ninywe hivi na hivi." Ukikosea, utasahihishwa papo hapo.

4. Ikiwa unajua lugha mbili au zaidi, jiandikishe kwa kiongozi wa wahamasishaji wa eneo lako. Ila lazima uweze kutunza siri. Mkalimani anayesimulia habari za wagonjwa kwenye bomba la maji huwafungia zahanati watu wote wa lugha yake.

5. Ile nyumba uliyoikumbuka mwanzoni mwa makala, tuambie. Usitaje ugonjwa wa mtu wala kumsema vibaya. Sema tu: "Pale hawajafikiwa."

6. Mwanamke yeyote anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya kukutana na mumewe, aende zahanati sasa. Asisubiri tumzungukie.

Na sisi? Kwa upande wangu nimeongeza safu moja kwenye daftari langu. Zamani kulikuwa na "ametembelewa" na "hakuwepo". Sasa kuna safu ya tatu: "hafiki, kwa nini?" Mwezi wa kwanza niliijaza kwa nyumba 14. Nyumba sita ilikuwa ni lugha. Nne ni kibarua na kuni. Mbili ni watu wasioweza kutembea. Mbili walikataa kuniambia, nami nitarudi na mwenzangu wa kike. Katika nyumba zote 14 sikukuta mzembe hata mmoja.

Ndugu msomaji, nikibisha hodi kwako wiki hii usinijibu "tuko salama" ili niondoke upesi. Nikaribishe nikae. Na kama lugha yangu haifiki ndani, niambie nimlete anayefika.

Msomee na jirani asiyejua kusoma.